Kuna Lililobaki?

Bibi wa Kona alikuwa na majivuno yake: mtaa mzima, alisema, hapakuwa na mtu aliyejua kuumwa kama yeye. Kiuno chake kikianza kulalamika, hata mgonjwa wa kweli angeinuka kumpisha kitanda. Hayo aliyasema mbele za watu. Akibaki peke yake alijisahihisha, kwa kuwa hakupenda kujidanganya mwenyewe wakati dunia imejaa watu wengine wa kudanganya: kiuno hakikuwa na hitilafu yoyote. Kiliuma Ijumaa tu, mchana, wasichana wa shule ya misheni wakishakata kona.

Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa na kazi nyingi. Masufuria aliyoyasugua jana yake yakang'aa, aliyapaka masizi upya kwa uangalifu wa fundi rangi. Alichota majivu ya jikoni kiganja kimoja, akayapuliza kizingitini, kisha akasimama kando kutazama kama yameanguka kama yanavyoanguka yenyewe. Kijiko alikitupa uvunguni ili apatikane wa kukitafuta. Alikata kifungo cha blauzi akakiweka mezani pamoja na sindano na miwani, ionekane kwamba amejaribu akashindwa. Nyumba ikishachafuka kwa kiwango cha kutia huruma bila kutia kinyaa, aliketi kwenye kiti chake cha kamba, mkongojo magotini, akaushusha uso, akaanza kuzeeka.

Jambo moja tu hakuwaachia: maji. Mapipa yote mawili yalijaa pomoni kabla jua halijapanda, naye ndiye aliyeyajaza, ndoo kwa ndoo, kutoka kwenye bomba la uani, mgongo umenyooka kama wa askari wa gwaride. Kwa wazee wengine, wasichana walipofika, neno la kwanza walilolisikia lilikuwa maji. Kwa Bibi wa Kona ilikuwa mwiko kugusa ndoo.

Walikuja wawili wawili kwa kila nyumba. Majina yao ya ubatizo aliyajua, lakini aliyaona ni ya heshima mno kwa watu wanaokupigia deki uvunguni, akawapa ya kwake. Mmoja akawa Kiherehere, kwa kuwa alianza kusalimia akiwa bado njiani, na marahaba ilimkuta ameshauliza maswali mengine. Mwenzake, mwembamba, mkimya, mwenye pengo katikati ya meno ya mbele, akawa Mwanya. Kiherehere ndiye aliyefanya nyumba ichangamke. Mwanya ndiye aliyefanya kazi.

Shuleni kwao huduma ilikuwa somo kama hesabu. Mwalimu wa Huduma, kijana mrefu asiyeachana na mwavuli wake hata mawingu yakiwa likizoni, aliwafundisha darasani kwanza. Walikunja mashuka juu ya madawati. Waliongozana wakiwa wamefungwa macho, kutoka mlango wa kanisa hadi vyooni na kurudi. Walivishana viatu na kulishana kwa kijiko, ili kila mmoja ajue ilivyo kusubiri mkono wa mwenzake. Aliwaambia kwamba huduma isiyouliza ni usumbufu uliovaa sare. Ndiyo maana aliwawekea kanuni moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja: kazi ikiisha, kabla ya sala ya kuagana, wasimame mbele ya mwenye nyumba, mikono mitupu, waulize kama kuna lililobaki. Likitajwa, lifanywe. Lisipotajwa, ndipo wasali waondoke.

Ijumaa ya kwanza Bibi alikuwa ameyafurahia mambo yote mpaka hapo. Kijiko kilipatikana, kifungo kilishonwa, Kiherehere alikuwa amesimulia habari za nusu ya mtaa. Kisha Mwanya akaja kusimama mlangoni. Mwanga wa alasiri ulikuwa nyuma yake. Uso haukuonekana, kilichoonekana ni kimo tu, na masikio.

"Bibi, kuna lililobaki?"

Bibi alikitua kikombe. Alijibu kwamba hakuna, akalirudia neno hilo kabla hajaulizwa tena, akawahimiza waende mapema, njia bado ina watu. Wakasali, wakaenda. Alizisikiliza hatua zao mpaka zikaisha. Ndipo katika chumba cha nyuma, kilichofungwa kwa ufunguo miaka mingi, kishikio cha ndoo kikaangukia ubavu wa ndoo. Mara moja tu, kama mtu aliyeutua mzigo chini akapumzisha mkono.

Bibi wa Kona hakuwa mtu wa kuogopa wafu. Alikuwa amewatania wengi, akianza na marehemu mumewe, ambaye alimnong'oneza jenezani kwamba hatimaye amepata pa kulala bila kulaumiwa kwa kukoroma. Lakini jioni ile alikula akiwa ameuelekea mlango wa nje.

Aliyeuliza habari za chumba kile alikuwa Kiherehere. Alitaka kujua kama nacho kipigwe deki. Bibi akasema kiachwe, ni cha binti yake. Kiherehere akashangaa, kumbe Bibi ana binti, yuko wapi? Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja fupi, na kila kitu kingeishia hapo. Badala yake uongo ulimtoka ukiwa umeshaoga na kuchana nywele: binti yuko ng'ambo, ni muuguzi wa hospitali kubwa, ndiye aliyemtafutia mtu wa kumchotea maji.

Tangu siku ile binti huyo, ambaye wasichana walimwita Dada, akawa mtu wa nne nyumbani. Kiherehere alitaka kujua anavaa nini na kama huko kuna baridi, basi Bibi akamvalisha koti. Akampa saa ya mkononi, dirisha lenye pazia la buluu, mafua yasiyokwisha, na msimamizi wa wodi mwenye roho mbaya ambaye Kiherehere alimchukia kana kwamba amemwona. Bibi alikuwa na kipaji hicho, naye alikifurahia. Binti aliyekuwa hana lolote sasa alikuwa na mshahara na mwavuli. Siku moja Mwanya, akikunja shuka, aliuliza swali lake la kwanza lisilo la kanuni baada ya wiki nyingi: Dada anafanana na nani?

Bibi alimtazama muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Na wewe kidogo," alisema. "Masikio."

Mwanya aliguswa na hilo, akatabasamu kwa pengo lake. Kisha akauliza la pili, kwa upole ule ule, kwamba huyo mtu wa maji hupita mlango gani, maana kila Ijumaa matone kutoka bombani hadi kwenye mapipa yanakwenda na alama za ndara za Bibi. Bibi alisema mtu yule ni maskini, huazima ndara. Kiherehere akacheka mpaka akakaa chini. Mwanya aliendelea kukunja shuka.

Kila jambo ambalo Bibi aliliumba, wasichana walilipeleka kwenye sala. Aliyesali ni Mwanya, kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili. Bwana amponye Dada mafua yake. Bwana amlainishe yule msimamizi. Bwana amrudishe salama kwa mama yake. Naye Bibi, macho ameyafumba, alisema amina, maana angesema nini kingine. Na kila amina, wasichana wakishakata kona, ilijibiwa kwa ule mlio wa nyuma ya mlango.

Binti yake hakuwahi kuwa muuguzi. Hakufikia hata umri wa kuulizwa atakuwa nani. Siku hizo bomba lilikuwa ng'ambo ya reli, na kuchota maji ilikuwa kazi yake akitoka shule. Alikuwa mtoto wa kumaliza. Akimaliza alisimama mlangoni, mguu mmoja tayari uko nje kwenye mchezo, akauliza, Mama, kuna lililobaki? Siku ile hapakuwa na lililobaki. Pipa lilikuwa limejaa. Lakini mama alikuwa amekasirishwa na jambo fulani, dogo hata leo halikumbuki, na aliona tu kwamba mtoto yule asifurahi upesi namna ile. Ndoo moja zaidi, alimwambia. Jioni hiyo mabehewa yalikuwa yakisukumwa kinyumenyume kuelekea stesheni, hayana taa mbele, hayana honi, kimya kama ng'ombe wanaorudi zizini. Watu walimletea viatu vya shule, ambavyo mtoto alikuwa amevivua akaviacha kando ya reli visije vikalowa, na wakamletea ndoo. Ndoo haikuwa hata na mkwaruzo. Ilikuwa na maji nusu.

Maji yale hakuweza kuyamwaga, wala hakuweza kuyatumia. Aliifungia ndoo, pamoja na viatu, katika chumba cha mtoto, akayaacha maji yaondoke yenyewe. Hayakuwa na haraka. Yalipokwisha yaliacha mstari mweupe katikati ya ndoo, pale yalipokuwa yamefika. Waliojua habari ile walihama au walizikwa, mtaa ukajaa watu wapya, na kwa hao Bibi wa Kona alikuwa bibi mcheshi asiye na mtu. Hakuwahi tena kumwagiza mtu yeyote maji.

Taabu ya uongo unaoombewa ni kwamba hautulii mahali. Watoto wakiomba kila wiki mtu arudi, inafika wiki lazima useme anarudi. Bibi akasema Dada ameomba likizo. Kisha akasema ameipata. Kisha Kiherehere akataka siku, naye akajikuta ameitaja. Walipoondoka alijaribu kucheka, kama alivyozoea kujichekea akishamfunga mtu kamba vizuri. Kicheko hakikuja. Ilimjia fikra ambayo hakuipenda: wale watoto hawajui kuomba kwa utani. Na huko maombi yanakopokelewa, huenda hapana karani wa kuchambua haya ni ya mtu aliyepo na haya ni ya mtu wa kubuni. Wiki zote hizo kuna aliyekuwa akiitwa, tena kwa upole, tena na mtoto wa rika lake. Na aliyeitwa aliijua njia ya nyumba.

Mchana mmoja aliosha kikombe chake, akaona ameosha viwili. Siku nyingine alipiga kelele kumwambia mtu afute miguu, na nyumbani hamkuwa na mtu. Mlio wa ndoo haukungoja Ijumaa tena. Na haukutoka tena kwenye kona ya mbali ya chumba, alikokuwa ameiweka ndoo kwa mikono yake. Ulikuwa hapa karibu, nyuma tu ya mlango.

Ijumaa iliyofuata wasichana walifuatana na mwalimu wao. Kiherehere aliingia akitangaza ujio huo kama mpiga mbiu. Mwalimu aliutegemeza mwavuli ukutani, akaamkia, akaketi, akauliza hali ya kiuno kwa heshima iliyomfanya Bibi akione kiuno chake kuwa ni mhuni. Kisha akasema lililomleta. Alishukuru kwanza. Alisema nyumba hii imekuwa darasa lake bora, kwa maana nyumba nyingine wanafunzi hurudi wameinamisha vichwa, na hapa hurudi wakicheka. Lakini utaratibu wa shule ni kwamba huduma humtanguliza asiye na mtu wake, na ng'ambo ya soko kuna mzee mmoja kipofu aliyengoja zamu muda mrefu. Kwa kuwa Dada anawasili kesho, na Mungu amesikia sala za watoto hawa, wataanza kwenda kwa mzee huyo. Leo wangeaga kwa kazi ya mwisho, kumtayarishia Dada chumba chake.

Kiherehere alikuwa ameshaanza kushona kifungo cha juma hili, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mwanya alimtazama Bibi.

Neno moja tu lingewabakiza. Bibi alilijua. Tangu siku ya mazishi hakuwahi kulitamka. Siku ile wengine walimsemea, na baadaye hapakuwa na aliyemuuliza. Alilisikia likimgonga meno kama jiwe kwenye wali. Kama angelitoa, wasichana wangekuja Ijumaa ijayo, na inayofuata. Na Dada mwenye koti, mwenye saa ya mkononi, mwenye pazia la buluu, angekufa hapo hapo mbele ya watoto waliomwombea, na safari hii mama yake ndiye angekuwa amemuua kwa mdomo wake, mara ya pili.

"Amesogeza safari," alisema.

"Mpaka lini, Bibi?"

"Mpaka yule msimamizi atakapomruhusu."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema basi chumba kitamkuta kiko tayari siku yoyote atakayofika. Bibi akasema ufunguo umepotea, ametafuta kila mahali.

"Bibi," alisema Kiherehere bila kuinua uso kwenye sindano, "si huo unaokuning'inia shingoni?"

Hata Mwalimu alitabasamu. Bibi naye akacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli, maana mtu akifumaniwa kwa dogo hutumaini kubwa litapita kando. Aliuvua uzi wa ufunguo. Kiherehere alinyoosha mkono, lakini Bibi akampa Mwanya.

Alisikia ufunguo ukizunguka kwa shida. Alisikia mlango, kisha dirisha likifunguliwa, kisha fagio. Mwalimu alikuwa akisimulia habari za yule mzee kipofu, jinsi anavyowatambua wanafunzi kwa kukohoa kwao, na Bibi akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, mahali pasipotaka ndiyo. Fagio likanyamaza. Kisha, mchana kweupe, watu wamekaa wanamtazama, kishikio cha ndoo kikagonga.

"Mmesikia?" aliuliza.

"Nini, Bibi?" alisema Mwalimu.

"Ndoo."

"Ni Mwanya huyo," alisema Kiherehere, akakata uzi kwa meno.

Hatua zilikuja kutoka chumba cha nyuma. Zilikuwa za miguu mitupu, iliyolowa kidogo. Zilisimama mlangoni. Dirisha la chumba lilikuwa wazi nyuma yake na mwanga wote ulipita hapo. Uso haukuonekana, ila kimo tu, na masikio, na ndoo mkononi.

Bibi wa Kona aliinuka. Aliinuka kwa mkupuo mmoja, hakushika kiti wala meza, mgongo umenyooka, na mkongojo wake ulianguka sakafuni bila mtu kuuhitaji.

"Mwanangu," alisema.

Kila bibi humwita hivyo kila mtoto, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mwanya alisogea kutoka kwenye mwanga akawa Mwanya tena, sketi ya shule ameikunja kiunoni, viatu vyake amevivua kwa ajili ya deki. Alieleza kwamba ndani ya ndoo mna utando mweupe, ameusugua na hautoki. Kisha akatoa humo viatu viwili vidogo vyeusi, vya kamba, vilivyokakamaa kama maganda.

"Viatu vya Dada nimevikuta ni hivi tu. Nivipake rangi?"

"Vipake."

Mwanya hakuvipaka. Alivigeuza, akazitazama soli, akavirudisha vilivyokuwa.

"Ndivyo atakavyovaa akija?"

"Ana miguu midogo," alisema Bibi. "Ametoka kwa baba yake."

Kiherehere alianza kucheka, akaacha. Usoni mwa Mwanya hamkuwa na shari yoyote, wala ushindi. Aliketi kizingitini, akaupangusa unyayo wake kwa kiganja, akaulegeza ulimi wa kiatu na kuingiza mguu taratibu, kama alivyofundishwa kumvisha mtu mgonjwa. Kisigino kilibaki nje. Akajaribu tena, kwa subira.

"Vinanibana, Bibi."

Mwalimu alikitazama kile kiatu. Kisha akamtazama mwanamke aliyesimama wima kama nguzo katikati ya nyumba yake, na mkongojo ulio chini, na mapipa mawili yaliyojaa maji mpaka ukingoni. Nje mtu alipita akipiga mluzi, mluzi ukaenda ukapotea upande wa reli.

Mwanya alikivua kiatu akakiweka kando ya mwenzake, ncha zikielekea mlangoni. Akasimama. Kazi ilikuwa imekwisha, na ndivyo ilivyofanywa kila Ijumaa. Akaja na ndoo mbele ya mwenye nyumba, akaitua chini, akabaki mikono mitupu.

"Bibi, kuna lililobaki?"

"Hakuna," alisema Bibi wa Kona.

Hakuna aliyeinamisha kichwa kusali. Kishikio cha ndoo kilikuwa bado kimesimama, kinayumba. Mwanya aliinama, akakishika kisije kikagonga, akaendelea kusubiri.